Mapishi ya Romania: anza na uchachu

Waulize Waromania watatu chakula chao ni kipi, watakutajia sarmale (nyama iliyokunjwa ndani ya jani la kabichi), mamaliga (ugali wao) na mici (nyama ya kusaga ya kuchoma), halafu wataanza kubishana. Ubishi hautakuwa juu ya nyama wala mboga. Utakuwa juu ya kitu cha kuchachushia chungu. Mtu wa Moldova (nasema ule mkoa wa kaskazini mashariki, si nchi jirani) haelewi kwa nini mtu atie siki kwenye chorba, supu yao chachu. Mtu wa Transilvania anatia siki na malai, na wala haoni tatizo. Kusini, Oltenia na Muntenia, wako wanaotia maji ya kabichi iliyochacha, na mwezi wa nne au wa tano wanachuma plamu changa za kijani, chachu na kali, wanazichemsha humohumo. Kwa hiyo mimi nikifundisha mtu kupika Kiromania simwanzishi na nyama. Namwanzisha na uchachu. Akiushika huo, tofauti za mikoa anazielewa bila ramani.

Nieleze na upande wangu, kwa sababu utaathiri vipimo. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Constanța, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi, mume wangu kazi yake ni meli. Nguruwe sili. Na nchi hii nguruwe yumo karibu kila chungu: tarehe 20 Desemba, siku ya Ignat, vijijini wanachinja, na mafuta yake, soseji zake na nyama yake ya moshi ndivyo vinavyopikiwa msimu mzima wa baridi. Lakini mkoa huu wa Dobrogea una Waturuki na Watatari, Waislamu wa miaka mingi hapa, na msikiti mkubwa wa mjini kwetu ulijengwa kati ya 1910 na 1913. Wanapika sarmale, wanapika chorba, wote kwa ng'ombe na kondoo. Mapishi yangu ya hapa chini nimeyachukua jikoni kwao na kwa jirani yangu wa ghorofa ya tatu, bibi wa Vaslui, Moldova, ambaye jengo zima tunamwita tanti, yaani shangazi.

Borshi: anza Alhamisi kama unapika Jumapili

Borshi ya hapa si ile supu nyekundu ya bitiruti. Ni maji ya pumba za ngano yaliyochacha, ya rangi ya manjano iliyofifia, yanauzwa sokoni kwenye chupa. Ukiyatengeneza mwenyewe yana ladha zaidi na hayana gharama.

Tafuta nusu kilo ya pumba za ngano. Kwa wauza chakula cha kuku zipo, ila hakikisha ni pumba tupu, hazijachanganywa na dagaa wala dawa, na hazinuki ukungu. Changanya na gramu 100 za unga wa mahindi kwenye ndoo safi au mtungi mkubwa. Lowanisha kwa maji baridi kidogo mpaka ziwe chepechepe, kisha mimina lita nne za maji yaliyochemka, ukoroge kwa mwiko. Subiri yapoe mpaka uvuguvugu, yaani kidole kikae ndani bila kushtuka. Hapo ndipo unatia chachu. Wenyeji wanatumia huste, yaani pumba za borshi iliyotangulia. Wewe unayeanza tia kipande cha mkate mkavu wa ngano isiyokobolewa, inatosha. Tanti anaongeza kijitawi cha mcheri na bua la leushtani, jani la harufu nitakalolieleza chini. Kijitawi unaweza kukiruka.

Funika kwa kitambaa, usikaze mfuniko. Koroga asubuhi na jioni. Huku wakati wa baridi mtungi unakaa karibu na kipasha joto siku tatu au nne. Kwa joto la Tanga anza kuonja baada ya siku moja. Aliyewahi kutengeneza togwa hahitaji kufundishwa zaidi: pua inakuambia. Harufu iwe chachu na safi, ulimi ushtuke kidogo, na nyuma yake ubaki utamu wa nafaka. Ikinuka uozo, au juu kumeota ukungu wa rangi yoyote, mwaga yote uanze upya, usijaribu kuokoa.

Chuja, tia kwenye chupa, weka frijini. Viganja viwili vya pumba zilizobaki vitie kwenye kopo navyo viingie frijini. Hiyo ndiyo huste yako, na borshi ya pili itakuja haraka na kali kuliko ya kwanza.

Chorba ya ng'ombe

Kwa watu sita: kilo moja ya nyama ya ng'ombe yenye mifupa, kitunguu maji kimoja kikubwa, karoti tatu, hoho moja, viazi mviringo vinne, nyanya tatu, na kipande cha mzizi wa seleri kama kipo. Lita moja ya borshi.

Nyama ianze na lita tatu za maji baridi na chumvi kidogo. Ikichemka, engua povu mpaka liishe. Waromania ni wakali kwa povu, chorba yao lazima iwe angavu. Moto mdogo, saa moja na nusu au mpaka nyama iachie mfupa. Ndipo zinaingia karoti, kitunguu, hoho na seleri, vyote vimekatwa vipande vidogo sawasawa. Robo saa baadaye viazi. Mwisho nyanya zilizomenywa. Hakuna kukaanga kitunguu, hakuna bizari, hakuna kitunguu saumu. Mkono wa mtu wa Pwani utawasha kutia kitu. Jizuie.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo chorba inapoharibika: borshi haiingii mpaka viazi viive kabisa. Uchachu ukiingia mapema viazi vinakakamaa, unaweza kuvichemsha hata saa nzima na bado vikawa vigumu katikati. Chemsha borshi kwenye sufuria ya pembeni, engua povu lake, mimina nusu kwenye chungu, onja, ongeza kidogokidogo. Chumvi ya mwisho nayo ije baada ya borshi. Zima moto, tupia kiganja cha majani ya leushtani yaliyokatwakatwa, funika dakika kumi bila kufunua.

Leushtani ni jani la jamii ya seleri, lenye harufu kali zaidi na ukakasi kidogo. Ndilo linaloifanya chorba iwe chorba. Mbegu zake zinauzwa mtandaoni na linaota vizuri sehemu za baridi. Mwenye shamba Lushoto au Limuru hana kisingizio. Ukikosa kabisa, tumia majani ya seleri, yale mabichi ya juu, mengi kuliko unavyodhani yanatosha. Giligilani usitie, itakupeleka nchi nyingine.

Mezani unaweka bakuli la smantana, yaani malai mazito yaliyochacha, kila mtu ajitilie kijiko. Nyumbani natumia malai yaliyoganda juu ya mtindi, na yanafaa. Halafu pilipili. Chakula chao chenyewe hakina ukali, ila pembeni ya chorba kuna pilipili ndefu ya kijani, nzima, mbichi au ya achari. Tanti anaishika kwa kikonyo mkono wa kushoto, kijiko mkono wa kulia: vijiko viwili vya chorba, anang'ata ncha ya pilipili, anafuta pua na kitambaa, anaendelea. Haikatwi wala haitumbukizwi.

Chungu hichohicho, mikoa mingine

Ukishaipika mara mbili hivyo, badilisha.

Transilvania: acha borshi na leushtani. Tia tarhoni, jani jembamba lenye utamu wa mbali wa anisi, lililohifadhiwa kwenye siki. Mwishoni piga viini viwili vya mayai na kikombe cha smantana, punguza kwa upawa wa supu ya moto ukikoroga upesi, kisha rudisha chunguni moto ukiwa umezimwa. Ukirudisha ikiwa inachemka, mayai yanakatika. Huko Wahungaria na Wajerumani wameishi na Waromania karne nyingi, kwa hiyo utakuta kisibiti, malai na vitu vya moshi kila mahali. Chorba yao ya maharage na tarhoni ni kati ya vitu ninavyovipenda sana nchi hii, lakini uliza kwanza ina nyama gani.

Banat, magharibi: wanakaanga unga kwenye mafuta na paprika mpaka unukie, ndio wanaozitishia supu. Uchachu mdogo, tambi nyingi za mkono. Mimi si mpenzi wa supu nzito, sitasema zaidi.

Oltenia: liki, mboga ya jamii ya kitunguu. Wanaitia kwenye chorba, wanaipika na zeituni, wanaila mbichi, na Waromania wengine wote wanawatania kwa hilo.

Kisha kuna chorba ya utumbo, inayoliwa nchi nzima, na hii kwetu haina ugeni. Utumbo wa ng'ombe na mguu mmoja wa ng'ombe vichemke mpaka mchuzi unate midomoni, ukate utumbo vipande vyembamba kama tambi, uzitishe kwa viini na smantana kama nilivyoeleza, kisha siki na kitunguu saumu kilichotwangwa viwekwe mezani. Mwenye kula supu ya utumbo asubuhi na chapati atauliza tu kwa nini yai limeingia.

Samaki wa delta

Dobrogea ndiko mto Danube unakomwagikia baharini. Wavuvi wa delta, kuanzia Tulcea kwenda chini, wanapika samaki wa maji baridi wa aina nyingi kwa pamoja. Samaki wadogo wanachemshwa kwanza pamoja na vitunguu, nyanya na hoho mpaka wavurugike, mchuzi unachujwa, ndipo vipande vikubwa vya kapi na kambare vinaingia kwa dakika kumi na tano tu. Uchachu ni borshi au siki. Kwa sato na kambare wa Ziwa Victoria inatoka vizuri. Kwa samaki wa bahari ladha inabadilika, inakuwa mchuzi mwingine.

Ustaarabu wake uko kwenye kupakua. Samaki anatolewa mchuzini, anawekwa kwenye sinia na chumvi ya mawe, analiwa na mamaliga na mujdei. Mchuzi unanywewa peke yake kwenye bakuli. Mujdei ni kitunguu saumu, kichwa kizima, kimetwangwa na chumvi kwenye kinu mpaka kiwe uji mweupe, kikalegezwa kwa mafuta ya alizeti vijiko viwili na maji ya moto kidogo. Usiponde kwa mashine, kinakuwa kichungu.

Mamaliga

Ni ugali, na Mromania akija Tanzania hapotei. Tofauti ziko tatu: unga ni wa mahindi ya njano na una chenga, ndani kuna chumvi, na unapikwa muda mrefu. Najua wazee wakiona unga wa njano wanakumbuka unga wa yanga wa miaka ya njaa na kununa. Wapikie hivihivi, ukiuweka na jibini na malai watasahau.

Lita moja ya maji, kijiko cha chai cha chumvi, gramu 250 za unga. Maji yakianza kutoa moshi nyunyiza kiganja cha unga. Yakichemka mimina uliobaki taratibu, mkono mmoja unamwaga, mwingine unakoroga. Kisha moto mdogo, nusu saa au zaidi, ukipitisha mwiko kila baada ya muda. Hausongwi kwa nguvu kama wetu, unachemka wenyewe na kurusha matone ya moto, kwa hiyo vaa kanga mkononi. Uko tayari ukianza kuachana na kuta za sufuria. Tanti anachovya mwiko kwenye maji, anausawazisha juu, anaurudisha motoni dakika mbili bila kugusa ili mvuke uusukume chini, halafu anaugeuza juu ya ubao kwa mkupuo mmoja. Unasimama, umbo la sufuria. Haukatwi kwa kisu: anapitisha uzi mweupe wa pamba chini yake, anavuta kwenda juu, kipande kinatoka kimenyooka.

Chakula cha jioni cha nyumba nyingi ni huo tu na telemea, jibini nyeupe ya chumvi, na smantana juu. Wachungaji wa milimani wanaviringisha donge la mamaliga, wanaficha jibini ya kondoo katikati, wanachoma juu ya makaa mpaka nje pawe pamekauka na ndani jibini iyeyuke. Hilo wanaliita bulzi, nalo linafaa sana kwa jiko letu la mkaa.

Sarmale, na kabichi yake

Sarmale halisi za msimu wa baridi zinataka kabichi iliyochacha nzima. Msimu wa vuli huku roshani za maghorofa zinajaa mapipa ya plastiki. Toa kiini cha kabichi kwa kisu, jaza shimo chumvi ya mawe, panga kabichi kwenye ndoo, mimina maji ya chumvi, kijiko cha kula kilichojaa kwa kila lita, mpaka zizame kabisa, uweke kitu kizito juu. Punje chache za mahindi zinatia rangi ya dhahabu. Kila siku mbili tatu teka yale maji ya chini uyamimine tena juu, yasipooze. Huku ni wiki kadhaa. Kwenye joto fanya ndoo ndogo, weka mahali penye ubaridi, na jani likilegea na kuwa chachu mpaka kwenye uti, hamishia frijini. Maji yake usimwage, ndiyo uchachu wa chorba ya Kioltenia.

Hakuna muda? Chemsha majani mabichi dakika tatu kwenye maji yenye chumvi na siki nusu kikombe. Zitakuwa sarmale za kawaida tu, lakini zitaliwa. Majira ya kuchipua wenyewe wanatumia majani ya mzabibu.

Nyama: gramu 700 za ng'ombe na 300 za kondoo wa mafuta, zimesagwa. Bila mafuta sarmale zinakuwa kokoto. Kaanga vitunguu vitatu vilivyokatwakatwa, tia mchele gramu 120 uliooshwa, geuza dakika mbili, acha upoe. Changanya na nyama, pilipili manga, thaimu kavu, kijiko cha nyanya ya kopo, na majani ya marari, yale membamba kama nyuzi. Ukiyakosa tumia shamari mbichi kidogo. Maramureș, kaskazini, badala ya mchele wanatia chenga za mahindi, na mimi naona nyama inabaki laini zaidi. Ijaribu.

Nyofoa uti mgumu wa jani, weka nyama kijiko kimoja, kunja, sokomeza ncha ndani kwa kidole. Moldova zinakunjwa ndogo, saizi ya kidole gumba. Transilvania moja inajaza kiganja. Tanti hajawahi kunisifu zangu. Huzichukua moja moja, huzigeuza, na husema tu, "Kubwa."

Chini ya chungu tandika kabichi iliyokatwakatwa. Panga sarmale zikibanana, katikati ficha vipande vya kondoo aliyetiwa chumvi na kukaushwa, wanayoiita pastrama, au mbavu za ng'ombe za moshi. Funika kwa kabichi tena, mimina maji na juisi ya nyanya mpaka zizame. Onja kabichi kabla ya kuongeza chumvi. Oveni nyuzi 150, saa tatu na nusu. Wa mkaa, palia: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama unavyopalia mkate wa kumimina. Oltenia nao wana kifuniko cha udongo kinachoitwa testi, wanakirundikia makaa na majivu juu. Kesho yake ni tamu kuliko leo, kwa hiyo zipike siku moja kabla ya wageni.

Mici kwa haraka, na neno moja la dukani

Mici ni soseji fupi za nyama zisizo na ngozi, chakula cha moshi, hasa Bucharest na kusini. Mei mosi bustani zote zinanuka mici. Kilo ya ng'ombe wa shingo, robo kilo ya kondoo, vyote vimesagwa mara mbili. Kijiko cha chai cha magadi ya kuokea, kitunguu saumu kilicholowekwa, thaimu, giligilani ya kusaga, pilipili manga, na mchuzi wa mifupa kikombe kimoja na nusu unaotiwa kidogokidogo huku ukikanda mpaka nyama inate mkononi. Ilale frijini usiku kucha. Viringisha kwa mikono iliyolowa, choma kwa moto mkali, kula na haradali na mkate. Kwa vile zile za mtaani mara nyingi zina nguruwe, mimi hupika zangu.

Na kwa msomaji anayeishi huku: tafuta maandishi "de post", yaani chakula cha funga, kwenye vyakula na menyu. Waorthodoksi wana funga nyingi, Jumatano na Ijumaa pamoja na majuma mazima kabla ya Pasaka na Krismasi, na chakula chake hakina nyama, mayai wala maziwa. Humo utapata sarmale za uyoga, maharage yaliyopondwa na kitunguu cha kukaangwa juu, na zakuska, ile rojo ya bilinganya za kuchoma, hoho nyekundu, vitunguu na nyanya, iliyopikwa kwa moto mdogo mpaka mafuta yapande juu. Soma viungo, maana maandishi hayo hayahakikishi kuwa hakuna divai, na kwenye mkahawa uliza chungu cha maharage kilipikiwa mafuta gani.